Bosi kaahidi gari litoke jioni, na breki bado inavuja

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 26, ni fundi magari kwenye gereji moja huku Nyakato, Mwanza. Nalipwa kwa kazi: gari likitoka ndipo napata changu. Bosi akishamwahidi mteja saa, hakuna kulala. Juzi nilifungua gurudumu la nyuma la Noah ya abiria inayokwenda Sengerema, nikakuta wili silinda, ile inayosukuma breki ya gurudumu kwa mafuta, inavuja. Bosi akasema futa, funga, gari lina zamu stendi alfajiri, tutabadilisha wiki ijayo. Nikafunga. Tangu siku ile sina raha. Nikikataa nitafukuzwa, na nje kuna vijana kumi wanaitaka nafasi yangu. Nifanyeje? Na likitokea la kutokea, nani atashikwa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hiyo Noah, maana mengine yote yanaweza kusubiri kesho, yenyewe haiwezi. Mpigie dereva sasa hivi. Usimtumie ujumbe ambao atausoma usiku, mpigie. Mwambie, "Kaka, ile breki ya nyuma haijapona, silinda inavuja. Usipakie tena abiria mpaka tuimalize." Atafoka, maana ana hesabu ya kupeleka jioni kwa tajiri, mwenye gari. Mwache afoke, kisha rudia maneno yaleyale. Kama yuko ng'ambo ya ghuba, huko Sengerema, chukua spea umfuate hukohuko.

Nakuharakisha katika hili tu, kwa sababu naijua tabia ya silinda ikianza kuvuja. Ulipofuta kwa tambara ulisafisha juu. Lakini kile kitambaa cha brekishu, kinachobana dramu ili gurudumu lisimame, kinakunywa mafuta ya breki, na dramu likipata moto yaliyokuwa ndani yanarudi juu. Gurudumu hilo halishiki, la upande wa pili linashika, na dereva akikanyaga kwa nguvu gari linavutwa upande mmoja. Wakati huohuo mafuta kwenye kikopo cha breki yanapungua kidogo kidogo. Dereva anaongeza bila kuuliza yanakwenda wapi. Siku akisahau, pedali inazama. Mfumo wa breki wa gari kama hilo umegawanywa njia mbili, kwa hiyo moja ikifa nyingine inabaki, lakini kusimama kunachukua umbali mrefu zaidi, na Noah iliyojaa watu na mizigo juu haina umbali wa kuchezea. Badilisha silinda zote mbili za nyuma pamoja na brekishu za pande zote mbili, safisha dramu, toa upepo kwenye bomba za breki, jaribu. Spea zikiwepo ni kazi ya saa mbili au tatu. Hiyo "wiki ijayo" aliyosema bosi, kwa gari la abiria linalopiga tripu kila siku, huwa haifiki.

Sasa nirudi kwenye swali lako kubwa. Umeniuliza namna ya kukataa, na nitakujibu, lakini kwanza nikuoneshe haraka inakoanzia, kwa sababu ukiisubiri saa 11 jioni umeshachelewa. Inaanza asubuhi, pale bosi anapomwambia mteja "jioni njoo uchukue" kabla hata boneti halijafunguliwa.

Fuatilia siku moja ya kawaida uone. Gari linaingia saa 3 asubuhi. Mpaka saa 4 limefunguliwa na ubovu umeonekana. Msaidizi anatumwa mjini kwa bodaboda kutafuta spea, anarudi na isiyo yenyewe, anatumwa tena. Dereva hana mamlaka ya kutoa hela, mwenye hela ni tajiri, na tajiri yuko Geita au Kahama, hapokei simu. Saa 8 mchana hela inaingia. Saa 9 na nusu spea iko mkononi, na tena hapo ukifungua zaidi unakuta beringi nayo imekwisha, hakuna aliyeipigia hesabu. Kazi ya saa 6 imebaki na saa 2. Muda uliliwa na simu, bodaboda na kusubiri hela, halafu mikono yako ndiyo inayodaiwa kuurudisha. Hapo ndipo mtu anaambiwa futa, funga.

Na huku kwetu hali imeongezeka. Zamani mteja wa ng'ambo alijua kivuko cha Kigongo–Busisi kina foleni, akaja akiwa amejiandaa kulala. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, lile la kama kilometa 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, mtu wa Sengerema au Geita anaona Mwanza ni hapo tu. Anataka afike asubuhi, ageuze jioni. Ni haki yake kutaka hivyo, na daraja ni neema kubwa kwetu sote. Ila daraja limefupisha barabara, kazi ya kubadilisha hedi gasketi, ile pakiti iliyo kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku, imebaki na urefu uleule.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kupigania ni saa inayotajwa asubuhi. Mwombe bosi neno moja tu: "Bosi, nipe nusu saa nikague kwanza, ndipo tumtajie mteja saa." Ifanye nusu saa hiyo iwe kazi kweli. Fungua magurudumu yote manne hata kama mteja amelalamikia moja, angalia mipira ya breki, shika tairi juu na chini ulitikise, kitaje kwa jina kila ulichokiona, andika orodha nzima ya spea mara moja. Gari la kubeba samaki na barafu likague pia bomba za breki chini ya bodi, maana maji yanayochuruzika hapo siku nzima yanazila bomba kwa kutu mahali ambapo hakuna anayeinama kutazama. Kisha pigeni simu kwa tajiri mwenyewe, siyo kwa dereva, mkiwa na orodha kamili. Tajiri akipigiwa mara moja na bei yote anaamua. Akipigiwa mara tatu anaanza kuhisi anaibiwa, na hapo ndipo simu inapoacha kupokelewa.

Mteja naye mwahidi jibu kabla ya kumwahidi gari. "Saa 6 mchana tutakupigia tukwambie kama linatoka leo au linalala." Halafu mpigie saa 6 kweli, hata kama habari ni mbaya. Watu wengi wanadhani dereva wa daladala anachotaka ni gari tu. Anachotaka zaidi ni kujua. Akijua saa 6 kwamba gari linalala, anaweza kumwarifu tajiri mapema, akaomba asidaiwe hesabu ya kesho, akatafuta deiwaka, kibarua cha siku moja, kwenye gari la mwenzake. Akiambiwa saa 12 jioni, siku mbili zimeshamharibikia, na hapo atakusimamia kichwani na funguo mkononi akipiga ulimi. Mimi simlaumu. Ana watoto kama wewe.

Spea isiyopatikana Mwanza kabisa, inayobidi ije na basi kutoka Dar es Salaam, hiyo usiitolee ahadi ya saa yoyote. Ni zaidi ya kilometa 1,000. Sema siku, na hiyo siku nayo uiongezee moja.

Sasa lipo suala la kazi yenyewe. Kuna vitu vya kufupisha, na fundi mwepesi anavijua: msaidizi aoshe vifaa wakati wewe unapima, bampa na taa ya ndani visubiri, AC isubiri, kitasa cha mlango kisubiri, mteja akikubali. Lakini breki, siteringi, magurudumu na uvujaji wa petroli havifupishwi na mtu yeyote. Hedi ya injini nayo naiweka humo, ingawa haiui mtu mara nyingi, kwa sababu ndiyo inayofukarisha mafundi wengi vijana, na nataka nikae hapo kidogo.

Injini iliyochemsha inaletwa ya moto. Bosi anataka hedi ishuke papo hapo. Hedi nyingi za magari haya madogo ni za aluminiamu, na ukilegeza boliti zake ikiwa bado ya moto inajikunja. Hakuna anayeweza kuiamuru ipoe. Ikishuka, ipime kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila gauji, vile vipande vyembamba vya kupimia nafasi: urefu, upana na mshazari. Injini nyingi ndogo zinavumilia mpindo wa kama milimita 0.05 tu, kwa hiyo angalia kitabu cha injini yako. Ikizidi, iende kwa mwenye mashine ikaskimiwe, yaani uso wake usawazishwe, na yeye naye ana foleni. Mashimo ya boliti kwenye bloku yakaushe vizuri. Oili au maji yakibaki chini ya shimo lisilotoboka, boliti inakandamiza kimiminika na bloku inaweza kupasuka, au utadhani umekaza kumbe hujakaza. Kukaza kunaanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha injini hiyo na siyo cha ile ya jana. Silikoni ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nayo soma kwenye tyubu yake: nyingi zinataka saa kadhaa kabla ya kuguswa na oili, na hukauka kabisa baada ya kama siku nzima. Ukijumlisha yote, saa nyingi katika kazi hii ni za chuma kupoa, mashine kuskimu na silikoni kukauka. Ukikimbia, unazikata saa hizo hasa, maana mikono yako tayari ilikuwa inakwenda mbio. Ndiyo maana gari linarudi baada ya siku nne likitoa mvuke.

Kuna jambo dogo nawasisitizia vijana wote wanaofanya kazi chini yangu. Kata kipande cha boksi, kichore umbo la hedi, toboa matundu, kila boliti unayotoa ichomeke kwenye tundu la mahali pake. Na ukianza kukaza kwa awamu ya mwisho, kila boliti uliyomaliza iwekee nukta ya rangi kichwani. Haraka haikuharibii kwa kukufanya uwe mbio tu. Inakuharibia kwa kukukatiza. Unakaza boliti ya sita, simu inaita, dereva anauliza bado muda gani, bosi anakuita ushike kule, unarudi na unaamini ulikuwa ya nane. Nukta ya rangi haisahau. Simu iache kwenye droo. Mtu akikusemesha sema, "Kaka, nakaza hedi, nipe dakika 10," bila kuinua macho.

Magurudumu ni vivyo hivyo. Nati kaza kwa mshazari, moja na ya mkabala wake, siyo kwa kuzunguka. Toyota ndogo nyingi, Probox na Noah zikiwemo, zinataka kama nyutonimita 103. Kusimama juu ya wili spana kwa uzito wa mwili hakupimi chochote, na kunanyoosha stadi, zile boliti zinazoshika gurudumu. Mwambie dereva arudi au akaze tena baada ya kilometa 50 mpaka 100. Taimingi belti, mkanda unaopatanisha valvu na pistoni, kwenye Hiace ya dizeli: ukimaliza kuifunga, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, uone alama zimerudi mahali pake, ndipo upige stata. Hiyo ni dakika tano, na ukiiruka valvu zinaweza kugonga pistoni.

Umeme ukikatika usiku, usimalizie breki kwa tochi ya simu iliyobanwa mdomoni. Funga gereji. Na usiingie chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake hata kama ni "sekunde moja tu". Weka stendi za chuma za kulishikilia.

Nije kwenye kukataa. Usikatae mbele ya mteja, utamwaibisha bosi na hapo mnashindana heshima, breki inasahaulika. Usianze na sheria. Anza na kitu chenyewe: mwite, "Bosi, naomba uje uone hapa," inua ule mpira wa silinda mbele yake, aone mafuta yakichuruzika kwenye kidole chako. Wengi wa mabosi wetu walikuwa mafundi, wakiona wanajua. Halafu mpe njia mbili ambazo zote zina hela ndani yake: "Nikipata silinda kabla ya saa 12 linatoka saa 2 usiku. Tukikosa, lilale, nianze nalo saa 12 asubuhi, saa 3 liko stendi." Mara nyingi inaishia hapo.

Isipoishia hapo, sema kwa adabu na kwa sauti ya chini: "Bosi, mengine yote nitafanya, hili sitalifunga." Kisha nyamaza. Mtumie picha kwenye simu na maneno machache: gari namba fulani, silinda ya nyuma kushoto inavuja, nashauri lisitoke. Siyo kumtisha. Ni kwamba neno lililoandikwa lina saa na tarehe, na la mdomoni halina. Akiamua kulifunga mwenyewe au kumpa mwingine, mwambie dereva ukweli kabla hajawasha gari. Uhai wa abiria haupo kwenye mamlaka ya bosi wako, na dereva ana haki ya kujua anachokanyaga.

Upo pia upande wako ambao hukuuandika, nauona kwenye maneno "gari likitoka ndipo napata changu". Malipo ya namna hiyo yanakusukuma hata bosi asipokuwepo. Basi chukua daftari, andika kwa mwezi mmoja kila gari lililorudi: lilirudi kwa nini, ulilirekebisha kwa saa ngapi, nani alilipa spea ya mara ya pili. Kazi ya kurudia hailipwi, na siku uliyorudia ni siku ambayo hukupokea gari jipya. Mpelekee bosi daftari hilo siku yenye utulivu, Jumapili asubuhi kwa mfano. Nimeona wenye gereji waliokuwa wakipuuza kila onyo la usalama wakibadilika kwa kusoma ukurasa mmoja wa namna hiyo, kwa sababu walikuwa wanapoteza hela bila kuiona.

Nani atashikwa? Sheria ya Usalama Barabarani inakataza gari bovu kuwa barabarani, na wa kwanza kuulizwa ni dereva na mwenye gari. Lakini usijifiche nyuma yao. Kanuni ya Adhabu inalitambua kosa la uzembe unaohatarisha maisha ya watu, na fundi aliyeiona breki inavuja, akaifunga, akanyamaza, atakuwa na maswali magumu ya kujibu. "Bosi aliniambia" ni maelezo, hayakufuti kwenye kesi.

Kuhusu kufukuzwa: kulipwa kwa kazi hakukufanyi moja kwa moja usiwe mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaangalia mambo kama nani anakupangia saa, nani anaongoza kazi, vifaa ni vya nani, na kama unamtegemea mtu huyo mmoja kwa kipato. Ukiwa mfanyakazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakuwekea saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 ndani ya wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Ukiachishwa bila sababu halali na ulikwishafikisha miezi 6 kazini, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku hizo ni chache, usizimalize kwa kuombewa msamaha na jamaa. Ile picha na ujumbe uliomtumia bosi ndio utakaokwenda nao.

Na hao vijana kumi wa nje: wengi wao wanajua kufungua, wachache wanajua kufunga gari lisirudi. Hofu yako itapungua ukiwa na mahali pengine pa kwenda. Kama ufundi umejifunzia gereji na huna cheti, ulizia VETA Mwanza, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa kwa unachokijua, ukifaulu unapewa cheti. Gereji za makampuni na karakana za migodi upande wa Geita huuliza karatasi hiyo kabla ya kuuliza kitu kingine. Ukienda chukua barua ya gereji ulipofanya kazi na kitambulisho chako, uulize upimaji unaofuata wa fani ya magari ni lini.